Dell Latitude E6410 imegoma kuingia Windows 7 na DVD za kurejesha hakuna. Tunaanzia wapi?

#1 Tarishi
Wakuu habari. Mashine ni Dell Latitude E6410, i5 ya kizazi cha kwanza, RAM 4GB, diski ya kuzunguka ya 250GB. Windows 7 Professional ya biti 64, ileile iliyotoka nayo kiwandani. Stika ya "Win 7 Pro OA" ipo chini, ila herufi za mwisho zimefutika kwa kusuguana na meza. Ikiwashwa inapita nembo ya Dell, inafika nembo ya Windows, skrini ya bluu inamulika kama umeme, kisha inawaka upya. Startup Repair inazunguka mpaka inachoka, inasema imeshindwa. Safe Mode ni hivyohivyo. Aliyeuza hakutoa DVD yoyote. Ndani kuna mafaili ya hesabu ambayo hayako popote pengine. Maswali mawili: nini kimeiua, na Windows ileile ya leseni inarudije bila DVD?

#2 Nyaya Tatu
Weka Windows 10 ulale. Windows 7 ilishazikwa 14 Januari 2020.

#3 Mchomelea Risasi
Na Windows 10 nayo ilifuata 14 Oktoba 2025, kwa hiyo unamhamisha kaburi tu, mkuu.

Tarishi, usiguse Startup Repair tena, na usiendeshe `chkdsk /r` (ukaguzi wa diski wa Windows) hata ukishauriwa na nani. Hiyo ndiyo inayomalizia diski mgonjwa: inasoma kila sekta, na kwa kila sekta inayogoma kichwa cha diski kinarudiarudia. Mafaili yenyewe inaweza kuyakatakata ikayageuza vipande vya FOUND.000.

Dalili zako ni za diski. Anza na kipimo cha Dell kilichomo ndani ya mashine: zima, shikilia Fn, bonyeza kitufe cha kuwashia. Au F12 kisha Diagnostics. Kikikupa kodi inayoishia 0142, diski imefeli kipimo chake yenyewe, hapo hakuna cha kujadili. Kikipita, bado usiiamini. Washa kwa flashi ya Linux yoyote, fungua teminali:

`sudo smartctl -a /dev/sda`

Angalia namba ghafi za mistari mitatu: 5 (sekta zilizohamishwa), 197 (sekta zinazosubiri uamuzi) na 199 (makosa ya mawasiliano). 197 ikiwa juu ya sifuri, kuna data ambayo diski imeshindwa kuisoma na haijaikatia tamaa.

#4 Pwani Biti
Naheshimu #3 lakini amekimbilia diski mapema mno. Tarishi, swali moja: ikiwashwa inaandika "Time-of-day not set"? Saa ya BIOS (programu ya msingi inayowasha mashine) inasema mwaka gani?

Nauliza kwa sababu E6410 ni ya 2010, na betri ya saa ikifa BIOS inarudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Kwenye Latitude nyingi za kizazi hicho, SATA Operation (namna mashine inavyoongea na diski: AHCI, RAID na kadhalika) inarudi "RAID On". Kama Windows ilikuwa inaendeshwa kwa AHCI, inaamka haina draiva ya kusomea diski iliyolalia. Matokeo ni skrini ya bluu 0x0000007B sekunde chache baada ya nembo, Safe Mode na isiyo Safe Mode. Yaani dalili zako neno kwa neno.

Ili uisome hiyo bluu: bonyeza F8 kabla ya nembo, chagua "Disable automatic restart on system failure". Andika kodi yote hapa, pamoja na zile nne za kwenye mabano.

#5 Bi Sokoni
Kwenye Windows 7, Startup Repair huacha maandishi yake hapa: `C:\Windows\System32\LogFiles\Srt\SrtTrail.txt`. Shuka mpaka chini, sehemu ya "Root cause found". Mara nyingi inataja faili au draiva iliyokwama. Kabla ya kubishana, mwacheni alete hilo.

Ukiingia kwenye Command Prompt ya kurekebishia, herufi hubadilika. Ile unayoijua kama C: inaweza kuwa D:, kwa sababu patisheni ndogo ya System Reserved imechukua C:. Andika `dir C:\` na `dir D:\` kwanza, utakakoona folda za Users na Windows ndiko kwenyewe.

#6 Kobe wa Ujiji
Mimi naona apdeti iliyokatika njiani. Umeme ulikatika wakati Windows "inajiandaa", faili la `pending.xml` limebaki ndani ya `C:\Windows\winsxs`, kila ikiwaka inajaribu kumalizia kazi isiyomalizika. Dawa:

`dism /image:C:\ /cleanup-image /revertpendingactions`

#7 Nyaya Tatu
Kobe, Windows 7 inapokea apdeti gani mwaka huu? Inatumiwa na nani, malaika? 😄

#8 Kobe wa Ujiji
Cheka tu. Waliolipia nyongeza walipata mpaka Januari 2023. Halafu antivirasi hazikusimama siku Microsoft waliposimama. Nazo zinaweka draiva zinazoamka mapema kuliko mfumo wenyewe. Draiva moja mbovu ya antivirasi inaleta bluu kwenye nembo bila diski kuumwa na bila betri kufa. Hilo SrtTrail la Bi Sokoni litaonyesha.

#9 Mzee wa Pengwini
Linux Mint 22 Xfce, RAM 4GB inatosha kabisa, msaada mpaka 2029. Uzi ufungwe.

#10 Bi Sokoni
Nilikuwa nahesabu bandiko la ngapi mzee ataingia. Tumefika la tisa, maendeleo. Ila mwenzetu ameuliza Windows ya leseni, na programu ya hesabu aliyonayo huenda ni ya Windows.

#11 Shamba la Data
Mkibishana sababu, mafaili yanazidi kuoza. Utaratibu ni mmoja, iwe betri, diski au shetani: kwanza nakala ya diski nzima, matengenezo baadaye.

Unahitaji diski ya nje yenye nafasi zaidi ya 250GB na flashi ya Linux hai. Usiifungue diski mgonjwa kwenye kidhibiti cha mafaili. Zima kujifungua kwa diski kama kumewashwa. Sakinisha gddrescue (amri inaitwa `ddrescue`, msije mkachanganya na `dd_rescue`, ni vitu viwili). Ukiwa ndani ya folda ya diski ya nje:

`sudo ddrescue -d -n /dev/sda dell.img dell.map`

Hapo inachukua kilicho rahisi na kuruka pagumu. Ikimaliza:

`sudo ddrescue -d -r3 /dev/sda dell.img dell.map`

Hiyo inarudi kwenye sehemu zilizorukwa, mara tatu. Faili la `.map` ndiyo kumbukumbu yake. Ukilifuta unaanza upya. Hakikisha kwa `lsblk` kwamba sda ndiyo ya laptopu na siyo flashi yako. Diski ya nje iwe ext4 au NTFS. FAT32 haikubali faili zaidi ya 4GB, nakala itakatika muda mfupi baada ya kuanza.

Diski ikianza kulia tik tik, zima. Usiipige kofi wala kuiweka kwenye friji, hizo ni hadithi za miaka ya tisini.

#12 Pwani Biti
Nakazia #11. Ila akiwa ndani ya Linux hiyohiyo afanye jambo moja la bure kabisa:

`sudo ls /sys/firmware/acpi/tables`

Akiona SLIC, leseni yake ipo ndani ya BIOS. Akiona MSDM, ni mashine ya Windows 8 kwenda juu, na ufunguo wote wa herufi 25 unasomeka kwa `sudo strings` juu ya faili hilo. E6410 itakuwa na SLIC.

Wengi wanadhani leseni ni ile stika. Mashine za chapa kubwa zilizotoka na Windows 7 ziliamilishwa kiwandani kwa vitu vitatu vinavyotambuana: jedwali la SLIC toleo 2.1 kwenye BIOS, cheti cha mtengenezaji chenye kiambishi `.xrm-ms`, na ufunguo mmoja wa OEM SLP ambao kiwanda kilitumia kwenye maelfu ya mashine zake. Vitatu vikikubaliana, Windows inajiamilisha hata bila intaneti. Ufunguo wa stika ni mwingine kabisa, ni wa akiba. Intaneti mara nyingi huukataa, unaishia kwenye `slui 4`, yaani kuamilisha kwa simu. Kwa hiyo herufi zilizofutika zisimnyime usingizi.

#13 Mchomelea Risasi
Sahihi, na ongezea hili: mashine used zilizopita mikononi mwa mawakala rasmi wa Microsoft wa kukarabati zina stika ya pili, inaandikwa "for Refurb PCs". Ufunguo wa stika hiyo ni wa kwake peke yake, hauhusiani na SLIC. Tarishi, yako ni OA, endelea na njia ya SLIC.

Tahadhari nyingine kwa used za mtaani. Zipo zilizopigwa Windows 7 Ultimate ya kuiba kwa programu inayopandikiza SLIC bandia wakati wa kubuti. `slmgr -dlv` (amri ya kuonyesha hali ya leseni) itaandika OEM_SLP kama kawaida, ukifurahi umekwisha. Siku ukiendesha `bootrec /fixboot` (kuandika upya sehemu ya kubuti), kile kipandikizi kinafutika na Windows inaanza kulalamika kuwa si halali. Watu wanadhani bootrec imeharibu leseni, kumbe leseni haikuwepo. Angalia aina: stika ikisema Professional na Windows ikisema Ultimate, jibu unalo.

#14 Kiprop254
Kabla ya kufuta chochote, aokoe pia folda ya tokeni, `C:\Windows\System32\spp\tokens`. Ukirudisha hiyo kwenye Windows mpya, activation inarudi nayo.

#15 Pwani Biti
Kiprop, hiyo njia ni ya nusu. Kwenye Windows 7 `tokens.dat` yenyewe iko hapa:

`C:\Windows\ServiceProfiles\NetworkService\AppData\Roaming\Microsoft\SoftwareProtectionPlatform`

Ndani ya `spp\tokens` kuna `pkeyconfig.xrm-ms`. Chukua zote mbili. Kurudisha: Windows mpya iwe aina ileile, Professional kwa Professional, kisha `net stop sppsvc`, bandika mafaili, weka ufunguo uleule wa zamani kwa `slmgr -ipk`. Ufunguo wa zamani unasomwa kwa ProduKey, ikielekezwa kwenye folda ya Windows ya diski ya zamani.

#16 Kiprop254
Sawa, nimekubali. Na asisahau draiva: `C:\Windows\System32\DriverStore\FileRepository`, akopi folda nzima. Windows mpya ikishindwa kutambua kadi ya mtandao, Device Manager > Update driver > elekeza kwenye folda hiyo. Vinginevyo unakaa na mashine isiyo na intaneti ya kupakulia draiva ya intaneti.

#17 Nyaya Tatu
Akitumia flashi ya Windows 7 asichomeke kwenye tundu la bluu. Windows 7 haina draiva ya USB 3.0, itamwambia "A required CD/DVD drive device driver is missing" na hakuna CD popote.

#18 Mchomelea Risasi
E6410 ina USB 3.0 tangu lini? Zote ni 2.0, moja imeunganishwa na eSATA. USB 3.0 kwenye ukoo huo imeanza E6430. Akiona ujumbe huo kwenye E6410 basi ISO yake imekatika au flashi ni mbovu. Dawa ya kwanza ni kulinganisha SHA-1 (alama ya kuthibitisha faili) ya ISO. Na Rufus (programu ya kutengeneza flashi ya kuwashia) ya mwisho kukubali kuendeshwa ndani ya Windows 7 ni 3.22, matoleo ya 4 yanataka Windows 8 kwenda juu.

#19 Tarishi
Wakuu shukrani. Majibu haya hapa.

Saa ya BIOS ilikuwa 2010, na ndiyo, inaandika Time-of-day not set. SATA Operation ilikuwa RAID On. Bluu: 0x0000007B.
Nikaweka AHCI. Ikapita nembo, ikafika kwenye "Welcome", ikaganda kama dakika, bluu nyingine: 0x000000F4.
Kipimo cha Dell kimepita, hakuna 0142.
smartctl: 5 ni 0, 197 ni 16, 199 ni 412.
SrtTrail inasema haikuona tatizo lolote.
SLIC ipo.
ddrescue bado inaendelea.

#20 Pwani Biti
7B imeondoka baada ya AHCI. Nani alisema betri?

#21 Mchomelea Risasi
Na F4 imekuja. Nani alisema diski? F4 maana yake mchakato muhimu umekufa ghafla, na kwa diski ya kuzunguka sababu namba moja ni mfumo kuomba kurasa zake diskini na diski kukaa kimya. 197 ikiwa 16, hizo ndizo sekta zinazokaa kimya.

#22 Shamba la Data
Mnasahau 199. 412 si sekta mbovu, ni makosa ya safari kati ya diski na bodi. Kwenye laptopu hii diski inachomekwa moja kwa moja, hakuna waya, kwa hiyo ni kiunganishi: kifremu cha diski kimelegea, skrubu za kukishikia zimekosekana, au meno yamechafuka. Mwenye used ajue hizo skrubu ni za kwanza kupotea. Diski ikicheza milimita moja mashine ikiwa mapajani, inapotea kwa sekunde, F4 inakuja. Na andiko likikatika njiani linaweza kuacha sekta isiyosomeka, hivyo hata zile 16 zinaweza kuwa mtoto wa 199, siyo ugonjwa wa sahani.

#23 Mchomelea Risasi
Zinaweza. Au 199 ni ya miaka sita iliyopita, kwa mmiliki wa kwanza. Namba hiyo haishuki kamwe hata ukirekebisha kiunganishi. Kinachosema kitu ni kama inapanda. Tarishi, isome tena ddrescue ikimaliza.

#24 Kobe wa Ujiji
Na RAM? Hakuna aliyeitaja. Memtest86+ usiku mmoja, kisha kipande kimoja kimoja. F4 inaletwa na RAM pia.

#25 Nyaya Tatu
Kobe, ulikuwa wa apdeti wewe.

#26 Kobe wa Ujiji
Mtu haruhusiwi kuwa na mbili?

#27 Bi Sokoni
Tarishi, umesema kiwandani. Ndani ya Linux andika `lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE,LABEL` utuwekee patisheni zote. Ukiona tatu, ya kwanza ndogo ya MB kama 39, ya pili ya GB 10 hadi 15 yenye jina RECOVERY, ya tatu ndiyo C yako, basi DVD unayoitafuta umekuwa ukiitembeza miaka yote.

#28 Tarishi
Ziko tatu. 39MB, 14.6GB "RECOVERY", iliyobaki "OS". ddrescue imemaliza, imeokoa vyote isipokuwa KB 8. 199 imekuwa 415.

#29 Shamba la Data
Imepanda. Nimemaliza.

#30 Mchomelea Risasi
Imepanda 3 baada ya kusoma 250GB nzima. Kiunganishi kibovu kweli kingepanda kwa mamia. Na KB 8 ni zile sekta 16 za baiti 512, hesabu imekutana. Diski.

#31 Bi Sokoni
Endeleeni huko, mimi namrejeshea mtu Windows.

Tarishi, njia ya kiwandani ni F8 > Repair Your Computer > Dell Factory Image Restore. Usiitumie kwenye diski hiyo: inafuta patisheni ya OS na kuandika juu ya sekta zinazoumwa. Nunua SSD ya SATA ya inchi 2.5, 120GB inatosha, na kasha la USB la kuwekea diski ya zamani. SSD nyingi zina unene wa mm 7 na kifremu cha Dell ni cha mm 9.5, skrubu za pembeni zinaingia vizuri, ila usikaze kwa nguvu.

Tengeneza flashi ya Windows 10 kwenye mashine nyingine. Huisakinishi, unaazima tu zana zake, kwa sababu dism iliyomo kwenye flashi ya Windows 7 haijui `/Apply-Image`. Amri hiyo imeanza Windows 8. Washa kwa F12, ikifika kuchagua lugha bonyeza Shift+F10.

Chomoa kila kisichohitajika, kisha:

`diskpart`
`list disk`

Soma ukubwa. 120GB ndiyo SSD, 250GB ndiyo ya zamani kwenye USB. Amri ya `clean` inafuta diski uliyochagua na haiulizi mara mbili.

`select disk 0` (kama 0 ndiyo SSD)
`clean`
`create partition primary size=100`
`format fs=ntfs quick label=System`
`active`
`assign letter=S`
`create partition primary`
`format fs=ntfs quick label=OS`
`assign letter=W`
`exit`

Kama RECOVERY haina herufi, rudi diskpart, ichague, `assign letter=R`. Kisha itafute taswira (nakala ya Windows ya kiwandani): `dir R:\*.wim /s`. Kwa Dell huwa `R:\Dell\Image\Factory.wim`. Ikague:

`dism /Get-ImageInfo /ImageFile:R:\Dell\Image\Factory.wim`

Halafu:

`dism /Apply-Image /ImageFile:R:\Dell\Image\Factory.wim /Index:1 /ApplyDir:W:\`
`bcdboot W:\Windows /s S: /f BIOS`
`bootrec /fixmbr`

Zima, toa flashi na kasha, hakikisha SATA iko AHCI, washa. Itaanza kama siku ilipotolewa kwenye boksi, ikuulize jina na saa. Cheti na ufunguo wa SLP vimo ndani ya taswira, SLIC iko BIOS, kwa hiyo `slmgr -xpr` itasema imeamilishwa kudumu bila hata kuunganisha mtandao.

#32 Pwani Biti
Safi sana. Rekebisho dogo: `/f` iko kwenye bcdboot ya flashi ya Windows 10. Akienda kuita ile iliyomo `W:\Windows\System32` haiitambui, aandike bila `/f`.

Na abadilishe betri ya saa kabla ya haya yote. Mara nyingi kwenye laptopu ni CR2032 iliyovishwa plastiki na waya wenye plagi ndogo. Asichomelee waya juu ya betri ya dukani, anunue yenye waya wake. Bila hivyo akichomoa chaja na betri kuu siku moja, RAID On inarudi, 7B inarudi, na uzi huu unaanza upya.

#33 Kiprop254
Kwa wa chapa nyingine watakaofika hapa, kitufe cha kurejesha: HP ni F11, Acer ni Alt+F10 (D2D Recovery iwe Enabled kwenye BIOS, neno la siri la mwanzo ni sifuri sita), Toshiba shikilia sifuri ukiwasha, Asus F9, Vaio F10. Kwa Acer, ukishaweka Linux au ukaendesha fixmbr, Alt+F10 inakufa kwa sababu inategemea MBR (sekta ya kwanza ya diski, ya kubuti) ya Acer. Patisheni ya PQSERVICE bado ipo: iweke `active` kwa diskpart, washa upya, itaingia kwenye kurejesha. Wengine hukata taswira vipande vya `.swm`, dism inavisoma ukiongeza `/SWMFile`.

#34 Mzee wa Pengwini
Hiyo GRUB (kianzishi cha Linux kinachokaa kwenye MBR) inayolaumiwa hapo inatengenezwa kwa dakika mbili. Ila sawa.

#35 Shamba la Data
Kitu hakijasemwa: taswira ya 2010 haina SP1 (furushi la kwanza la maboresho), iliyotoka Februari 2011. Ina kivinjari cha IE8 ambacho TLS 1.2 (ulinzi wa mawasiliano ya mtandao) imezimwa, kurasa nyingi hazitafunguka, na Windows Update itatoa 80072EFE. Usipambane nayo. Kwenye mashine nyingine pakua kutoka Microsoft Update Catalog, weka kwenye flashi, sakinisha kwa mpangilio huu: SP1 (KB976932), KB3020369, KB4490628, KB4474419, kisha furushi kubwa KB3125574, mwisho KB3140245 ya TLS. Bila zile mbili za 2019 Windows haitambui saini za SHA-2, apdeti zote za baadaye inazikataa. Kivinjari: Chrome iliishia 109, Firefox 115 ESR imeishi zaidi.

Na mashine hiyo isifanye benki wala barua pepe. Programu ya hesabu, printa, basi.

#36 Nyaya Tatu
Basi ndiyo narudi pale pale. Ufunguo wa 7 utumike kwenye 10, i5 ya E6410 inaiendesha vizuri ikiwa na SSD.

#37 Pwani Biti
Mlango huo Microsoft waliufunga Septemba 2023. Funguo za 7 na 8 haziamilishi tena 10 wala 11, labda mashine iwe iliwahi kuamilishwa na 10 zamani.

#38 Tarishi
Bi Sokoni, dism imefika 100%, imewaka, `slmgr -xpr` inasema "permanently activated". Betri mpya imeingia. Mafaili yametoka kwenye dell.img salama. Asanteni wote. Swali la mwisho: diski ya zamani nimeiweka kwenye kasha, nimeijaza sifuri yote. Sasa 197 ni 0 na 5 bado 0. Inafaa kutumika tena?

#39 Shamba la Data
5 ni 0! Sekta zimeandikwa upya bila kuhamishwa. Sahani ni nzima. Kiunganishi.

#40 Mchomelea Risasi
Au sumaku ilikuwa imefifia mahali hapo na sasa imeandikwa upya, itafifia tena baada ya miezi. Endesha `smartctl -t long` leo, kisha tena baada ya mwezi. Data ya maana usiweke.

#41 Kobe wa Ujiji
Memtest umeendesha?